Jetstream ya Bluesky kwa kufuatilia habari za korosho na Lindi: uzoefu wangu

Niko Mtwara, na natumia Jetstream, huduma inayotiririsha papo hapo matukio ya mtandao wa kijamii wa Bluesky, kunasa machapisho ya wazi kuhusu korosho, ufuta na barabara za kusini. Haidai akaunti wala ufunguo. Unafungua websoketi (muunganisho unaobaki wazi), unaweka wantedCollections=app.bsky.feed.post (yaani machapisho tu), na data ya JSON inaanza kumiminika. Kazi yenyewe iko kwenye kuchuja.

Haichuji kwa maneno. Machapisho ya dunia nzima yanashuka kwako, na kwa bando la simu hilo ni balaa. Programu yangu inakaa kwenye seva ya kukodi. Huku napokea yaliyokwisha kuchujwa. Asiye na seva atumie wantedDids na kuorodhesha akaunti anazozitaka, mwisho 10,000.

Sasa maneno. Ukitafuta "lindi" popote inapojitokeza, utaletewa Malindi ya Kenya, halafu "halindi" na "hawalindi". Ukidai neno kamili, bado litaingia lindi la maana ya shimo refu. Kwa hiyo nadai neno kamili liambatane na jingine: mkoa, bandari, Nachingwea, Ruangwa, ufuta. Korosho ni kinyume chake: ukidai neno kamili unapoteza mkorosho na mikorosho, basi hapo natafuta popote. Wala usitegemee langs (alama ya lugha ya chapisho) ya "sw" peke yake, maana huwekwa na programu ya anayeandika. Kiswahili safi kabisa huja kimeandikwa "en".

Mtandao ukikatika, rudi na time_us (muda) ya tukio la mwisho kama cursor (alama ya pa kuanzia), ukipunguza sekunde chache. Ni maikrosekunde, si milisekunde. Marudio utayaondoa kwa kulinganisha did (kitambulisho cha akaunti) na rkey (kitambulisho cha chapisho). Ukiweka cursor ya wakati ujao kwa bahati mbaya, hupewi yaliyopita, unaanzia hapo mtiririko ulipofika.

Kosa linalowapata wengi ni kuchuja maneno kabla ya kuangalia aina ya tukio. Tukio la delete (kufuta) halibebi maandishi, hivyo kichujio kinalitupa, na chapisho ambalo mwenyewe ameshalifuta linabaki kwako. Angalia operation (sehemu inayotaja aina hiyo) kwanza. Mtu akifuta lake, nawe futa. Hilo ni haki yake.

Mgandamizo wa zstd unapunguza data, ila unahitaji kamusi maalumu (faili la kufungulia data) ya Jetstream. Bila hiyo hakuna kitakachofunguka.

Kwa seva na kichujio kizuri, naipendekeza. Ila mazungumzo mengi ya bei za mnada yako kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko Jetstream haifiki.