Stendi ya bunduki ya kubeba porini: sikieni na sisi tunaozibeba

Kambini kwetu kwenye pori la uwindaji la Rungwa anayepiga ni mgeni na anayemuongoza ni mwindaji bingwa, ila anayezibeba zile fimbo za kuegemezea bunduki tangu alfajiri mpaka jua la utosi huku mbung'o wanakula shingo ni mimi traka, yaani mfuata nyayo, kwahiyo kabla hamjamwaga hela kwa kusoma gramu kwenye boksi nisikilizeni kidogo.

Nimeshabeba za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya alumini, miguu mitatu, unabonyeza kitufe miguu yote inashuka yenyewe, aisee siku ya kwanza tuliichezea kambi nzima kama watoto. Shida vumbi. Wiki ya pili mchanga ushaingia kwenye loku na mguu mmoja ukawa na akili zake. Tumefuata nyayo za pofu dume, yule swala mkubwa, masaa manne, mgeni kaweka bunduki, kashusha pumzi, mara mguu ukazama kama inchi mbili hivi, krriik, pofu akageuza kichwa na ndo ikawa basi. Bosi hakusema neno, alinitazama tu, utadhani kiwanda ni cha baba yangu. Na ikigonga jiwe inalia kama sufuria.

Ya pili kaboni, miguu miwili. Nyepesi kweli, niliipima kwenye mizani ya mpishi haikufika hata gramu 600, begani unasahau kama umebeba kitu. Ila miguu miwili kushoto kulia imetulia, mbele na nyuma inayumba, sasa mgeni ametembea kilomita kumi moyo unamdunda, mtutu unachora duara tu. Swala wa mita 60 sawa, nyati mimi hapana, nyati aliyejeruhiwa tunaenda kumtafuta sisi kwenye kichaka sio duka lililouza.

Ninayobeba sasa ni mianzi mitatu tu, tumeifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na pale juu inapokaa bunduki tumezungushia mpira huohuo isikwaruze wala isigonge. Inapita kilo kidogo, yaani ni nzito kuliko ile kaboni, lakini ni kimya, haina loku ya kuziba, natembea nayo kama mkongojo, na kufungua ni sekunde, unavuta miwili huku ule wa tatu unausukuma kwa mguu. Kasoro ipo, haikunjiki kwahiyo kwenye ndege ndogo ni usumbufu, na mwanzi ukikauka sana unapasuka, zungushia tepu mapema. Ukikata ikate ndefu kidogo kupita kimo cha mtu, maana ndefu unatanua miguu inashuka ila fupi utafanyaje.

Kingine, stendi iwe ya bei gani sijui, msilaze mtutu wenyewe juu yake, lazeni ule mti wa mbele chini ya mtutu, la sivyo risasi inapanda juu alafu lawama zinakuja kwa aliyebeba fimbo.

Na mpira wa juu badilisha kila msimu ukianza, jua linaukausha unakatika ghafla, mimi natembea na kipande cha akiba mfukoni.