Tuzo ya Rais ukiwa kadeti: Shaba na Fedha nilivyoziona mimi

Nilijiunga na Tuzo ya Rais nikiwa kadeti wa huduma ya kwanza shuleni. Kwa asiyeifahamu, ni tawi la Kenya la mpango ulioanzishwa Uingereza na Prince Philip mwaka 1956. Kwetu uliingia 1966. Ni wa vijana wa miaka 14 hadi 24, na ngazi zake ni Shaba, Fedha na Dhahabu. Hushindani na mtu, hakuna namba moja wala wa mwisho. Nimemaliza mbili za kwanza.

Raha ya kadeti ni kwamba mengi tayari unayafanya. Kujifunza kufunga bandeji kunaingia kwenye sehemu ya ujuzi, kusimama na machela kando ya uwanja siku ya michezo kunaingia kwenye huduma kwa jamii. Ila saa moja haihesabiwi mara mbili, na hapo ndipo wenzangu wengi waligonga mwamba. Sehemu ya mazoezi ya mwili nilichagua kukimbia, maana viatu ninavyo.

Safari ndiyo roho ya mambo yote. Shaba mnalala nje usiku mmoja, Fedha mara mbili, na kabla yake mna safari ya majaribio. Mnakuwa kundi la watu wanne hadi saba, mnapanga njia wenyewe na kubeba chakula chenu, kiongozi akiwafuatilia kwa mbali. Kule vilima vya Ngong, upepo ule unaozungusha mitambo ya umeme ulituzimia jiko hadi tukasonga ugali tumejipanga kulizunguka, mmoja kashikilia sufuria. Ulitoka na madonge, na haukubaki. Jioni hiyo mwenzetu alivua viatu, visigino vimejaa malengelenge. Ndiyo mara yangu ya kwanza kutibu mguu usio wa mazoezi.

Kinachoudhi ni sahihi. Kila sehemu inataka mtu wa kuthibitisha kwamba umefanya, wiki baada ya wiki. Kiongozi wetu alihamishwa katikati ya Fedha, fomu zikabaki kwenye kabati lililofungwa, na aliyekuja baada yake alikuwa hajapata mafunzo ya mpango. Tukakaa muhula mzima tunangoja. Na tusidanganyane, pesa zinahitajika: wenye basi la shule na mahema yao hawakosi safari, sisi tuliazima mahema na kuchangishana nauli.

Naipa nyota nne. Kama umefikisha miaka 15 unaweza kuanzia Fedha moja kwa moja, lakini itakuchukua mwaka badala ya miezi sita ya aliyepitia Shaba. Kabla ya kujiandikisha, uliza kama kikosi chenu kina viongozi wawili waliofunzwa, na kila ukurasa ukitiwa sahihi upige picha. Dhahabu, ambayo Rais mwenyewe huitoa, nimeshaianza. Ina kambi ya siku tano na watu usiowazoea, na hiyo inanitia tumbo joto kuliko mlima wowote.