Rekoda ya Yamaha YRS-24B: filimbi kumi na mbili kwa bei ya kinanda kimoja

Nafundisha muziki sekondari, huku Likoni, Mombasa. Mwaka jana wazazi walichanga shilingi 18,000, na karibu wote walitaka tununue kinanda. Kinanda kimoja, watoto kumi na wawili, kipindi cha dakika 40: kila mmoja angekigusa dakika tatu. Nikawaomba waniamini. Nikavuka feri, nikarudi na rekoda kumi na mbili, zile filimbi za kupuliza kwa ncha, 1,500 kila moja.

Duka nililonunua lilinichanganyia, nami sikukagua. Saba zilikuwa YRS-24B, tano YRS-23. Kwa macho ni pacha: plastiki ya rangi ya pembe, vipande vitatu. Lakini 23 hupigwa kwa mpango wa vidole wa Kijerumani, na 24B kwa mpango mwingine, uitwao wa baroki. Kwenye 23 noti ya F hutoka bila taabu, ndiyo maana anayeanza huipenda. Ngoja afike F shapu, yaani F iliyopandishwa nusu sauti. Wimbo ukiweka do kwenye G, F shapu ndiyo ti yake, haikwepeki, na hapo vidole vya Kijerumani hugeuka fumbo. Nusu ya darasa ikawa inafunika matundu hivi, nusu vile. Muhula mzima ukaenda hivyo, hadi nilipozibadilisha zile tano.

Basi ukiwa dukani, hesabu matundu ya mbele kuanzia juu. La tano likiwa dogo kuliko la nne, hiyo ni ya Kijerumani. Rudisha.

Utunzaji ni maji ya vuguvugu na sabuni, basi. Sauti hupasuka mtoto akipuliza kwa nguvu, kama filimbi zote za aina hii. Wangu nawaambia wapulize kama wanaopoza uji.

Vitabu vya mazoezi havikuwavuta hata kidogo. Kilichowavuta ni msichana wa kidato cha pili aliyeutafuta kwa sikio wimbo wa harusi anaouimba bibi yake, noti tano tu, zote za mkono wa kushoto. Mwenzake akaleta chapuo kutoka kwao. Mdundo wa chakacha ulipoingia, wavulana waliokuwa wakienda uwanjani walisimama dirishani na mpira wao, na wawili wakaniuliza, "Mwalimu, imebaki filimbi?"

Haikuwa imebaki. Kwa hiyo sasa tunaazimana: Ijumaa filimbi zinakwenda nyumbani kwenye vifuko vyake, Jumatatu asubuhi nazihesabu. Mpaka leo ni kumi na mbili.