Mafunzo ya viongozi wa vituo vya afya Dodoma: siku ya pili ndiyo inayolipa ada

Ni mafunzo ya siku tano yanayotolewa Dodoma mjini kwa waganga wafawidhi, wauguzi wafawidhi, makatibu wa afya na timu za afya za halmashauri. Washiriki hutoka Bahi, Chamwino, Kongwa hadi Mpwapwa. Kinachofundishwa ni kuiangalia huduma kama safari moja ya mgonjwa, hatua kwa hatua, hata pale inapokatiza idara tano.

Siku ya kwanza ingeweza kufupishwa. Waliokwishapita kwenye 5S-KAIZEN, mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi na kuboresha kidogo kidogo, ambayo Wizara ya Afya ilianza nayo Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, watakuta sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia zikirudiwa neno kwa neno.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Saa moja asubuhi washiriki wako OPD (idara ya wagonjwa wa nje), kila mmoja anamfuata mgonjwa mmoja kuanzia getini hadi dirisha la dawa, akiandika saa aliyofika na saa aliyohudumiwa kila chumba. Ramani ikibandikwa ukutani, mambo yanajianika. Mfano mzuri ulikuwa maabara: sampuli zilisubiri trei ijae ndipo ziingie kwenye mashine. Majibu yakatoka kwa mkupuo karibu na saa sita, wagonjwa wote wakarudi kwa daktari wakati mmoja, kisha foleni ikahamia dawa. Aliyekuwa anafikiria kuagiza mashine ya pili anaona wazi kwamba hiyo iliyopo ilikaa bure nusu ya asubuhi. Tiba yake ni kuingiza sampuli kila nusu saa, trei ijae isijae.

Hesabu ya foleni nayo imefundishwa vizuri sana: wanaoingia kwa saa, zidisha kwa muda anaokaa mmoja, unapata idadi ya watu walioko ndani. Wakiingia 30 kwa saa na kila mmoja akikaa saa 3, ndani kuna watu 90. Ukiongeza mabenchi watakaa vizuri, lakini watabaki 90.

Kadi ya muda, ile inayoandikwa saa za kila chumba, inahitaji tahadhari ambayo wakufunzi waliigusa juu juu. Saa za ukutani zisipolinganishwa kwanza, mgonjwa anaonekana kahudumiwa kabla hajafika. Kadi ikiwa ya rangi kali, mwenye nayo anaharakishwa. Na ukiona dakika zote zinaishia na 0 au 5, jua zimejazwa jioni kwa kukumbuka.

Kasoro kubwa iko siku ya nne. Grafu ya mwenendo, yaani mchoro wa takwimu zinavyobadilika wiki hadi wiki, imepewa saa moja tu, na hapo ndipo viongozi wengi wanapoharibu: wiki moja muda wa kusubiri ukipanda, wanadai maelezo kwa barua; wafanyakazi wanajifunza kupika takwimu. Ilipaswa isisitizwe kwamba takwimu hupanda na kushuka zenyewe, na kwamba nukta sita mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati ndizo zinazoashiria kitu kimebadilika kweli.

Ada inajumuisha kabrasha na chakula cha mchana; nauli na malazi ni juu ya kituo. Tunashauri kituo kipeleke watu wawili, mfawidhi pamoja na mtu wa mapokezi au maabara. Fedha ikitosha mmoja tu, aende muuguzi kiongozi wa OPD.