V3 au Pro Stick Plus: kipi kinase ndege za Mwanza?

Ndege inayoshuka uwanja wa Mwanza hutangaza mahali ilipo, kimo na mwendo wake kwenye megahezi 1090. Kipokezi kidogo cha USB, cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinatosha kuisikia ukiwa nyumbani.

RTL-SDR Blog V3 ni cha kazi nyingi: leo ndege, kesho redio ya FM au marubani wakiongea na mnara wa kuongozea ndege. FlightAware Pro Stick Plus kimeundwa kwa kazi moja. Ndani yake mna kikuza mawimbi na kichujio cha 1090, na mjini hapo ndipo tofauti inapoonekana: minara ya simu inaweza kuilemea V3, ndege za mbali zikapotea, ilhali kichujio huzuia vurugu hiyo. Ila kichujio hichohicho hukifanya Pro Stick Plus kisifae kwa FM.

Kijana anayetaka kujifunza redio achukue V3, bila wasiwasi.

Lakini jamani, antena! Waya wima wa sentimita 7 hivi, yaani robo ya urefu wa wimbi la 1090, unatosha kuanzia. Upandishe juu ya paa uone ziwa, maana huku kwetu jabali moja nyuma ya nyumba huziba upande mzima wa anga.