Skana ya kurekodi data ya giaboksi: uzoefu wangu na gari lililokuwa likigoma kubadili gia

Hitilafu inayochosha kuliko zote kwenye giaboksi ya otomatiki ni ile inayotoweka gari likifika gereji. Gari langu lilikuwa likianza safari vizuri, gia zinaingia laini bila kushtua. Likishapata moto na barabara ikiwa ya mashimo, linashtuka mara moja, linang'ang'ania gia ya tatu na taa ya injini inawaka. Nikizima na kuwasha tena, gia zote zinarudi. Gereji moja iliendesha gari wakati halina shida, ikasema giaboksi imekwisha, ibadilishwe nzima. Sikukubali giaboksi ihukumiwe na mtu ambaye hakuiona ikikosea, nikanunua skana inayorekodi data, yaani kifaa kinachochomekwa kwenye gari ili kusoma kompyuta zake.

Cha kwanza ninachokisifu ni kwamba inaingia kwenye kompyuta ya giaboksi yenyewe. Mfumo wa OBD-II, yaani mfumo wa gari kujichunguza hitilafu zake, uliokuwa lazima Marekani kwa magari madogo ya modeli ya 1996 na kuendelea, uliwekwa kwa ajili ya kudhibiti moshi, kwa hiyo vifaa vingi vya bei nafuu huishia kwenye kompyuta ya injini. Kifaa cha namna hiyo kilikuwa kimenipa kodi (namba ya hitilafu) moja tu, P0700. Kodi hiyo ni taarifa kwamba kompyuta ya giaboksi imeona tatizo na maelezo yako kwake. Haisemi lolote kuhusu klachi, oili wala solenoidi (vali ndogo za umeme zinazoelekeza oili ndani ya giaboksi). Inaniuma kuona watu wakiambiwa wanunue giaboksi nyingine kwa sababu ya P0700 peke yake.

Skana ilipofungua kompyuta ya giaboksi nikakuta P0720, yaani hitilafu kwenye sakiti ya sensa inayosoma mwendo wa shafti ya kutokea, ile inayopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Sakiti ni pamoja na sensa, nyaya zake, soketi na hata kompyuta inayozisoma, kwa hiyo hapo bado huwezi kusema sensa imekufa. Skana ilionyesha pia hali ya gari wakati kodi inaandikwa: oili ya giaboksi ilikuwa imeshafika joto la kazi, gari liko kwenye mwendo, gia D. Tafadhali, andika au piga picha haya yote kabla ya kufuta kodi. Mafundi wengi hufuta kwanza ili waone kama itarudi, na kumbukumbu hiyo ikipotea, hitilafu ya kuja na kuondoka inakuwa ngumu maradufu.

Kilichofanya nisijutie kununua kifaa hiki ni kurekodi. Unachagua unachotaka kufuatilia, unaendesha, kisha unakaa chini na kutazama michoro polepole. Mimi nilichagua mwendo wa shafti ya kuingilia (inayopokea mzunguko kutoka upande wa injini), mwendo wa shafti ya kutokea, gia iliyoamriwa na kompyuta, mkao wa kibadilishia gia na volti za mfumo. Nilimwomba mwenzangu ashike kifaa mimi nikiendesha, maana kutazama skrini ukiwa kwenye usukani ni hatari.

Gari liliposhtuka, mchoro ulitoa jibu ambalo sikio lisingeweza kulitoa. Volti zilibaki karibu na 14, kwa hiyo alteneta na betri zikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Mkao wa gia ulibaki D, swichi yake nayo ikatoka. Shafti ya kuingilia iliendelea kwenda sawasawa. Ile ya kutokea ilikuwa kwenye mizunguko zaidi ya 2,000 kwa dakika, na kati ya kipimo kimoja na kinachofuata mstari ukaanguka wima hadi sifuri, kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani, kisha ukarudi juu palepale. Shafti inayozungusha magurudumu ya gari lililo barabarani haiwezi kusimama na kuanza tena ndani ya muda huo. Klachi ikiteleza, mwendo wa kuingilia hupanda hatua kwa hatua huku wa kutokea ukibaki nyuma, na uwiano wa gia unaharibika taratibu. Kuanguka wima namna ile ni umeme uliokatika. Kompyuta ikipoteza taarifa hiyo haijui tena ibadili gia lini, inajilinda kwa kushikilia gia moja.

Tofauti hiyo ya umbo la mstari ndiyo inayotenganisha giaboksi iliyochoka na giaboksi nzima yenye waya mbovu, na ndiyo inayonifanya nimshauri kila mwenye shida ya aina hii atafute skana inayochora na kurekodi, au fundi mwenye nayo. Kodi pekee haitoshi.

Hata hivyo skana inaishia hapo. Inakuambia taarifa ilikatika, haikuambii ilikatikia wapi. Kutoka hapo nilihitaji mchoro wa nyaya wa gari na multimita. Sensa yangu ni ya nyaya tatu: wa umeme, wa ethi na wa taarifa. Mchoro ulionyesha kwamba sensa ya kuingilia na ya kutokea zinapata umeme kutoka waya mmoja unaogawanyika karibu na giaboksi. Ile ya kuingilia haikutetereka kwenye rekodi, kwa hiyo kama tatizo lilikuwa kwenye umeme, lilikuwa baada ya mgawanyiko. Kipande cha kukagua kikawa kifupi.

Nilipima omu (ukinzani) za kipande hicho gari likiwa baridi, mita ikasema waya ni mzima. Kipimo hiki kinawapotosha wengi. Waya uliobakiwa na nyuzi chache za shaba bado unapitisha umeme mdogo wa mita bila shida, hasa ukiwa umetulia. Nikapima tena gari likiwa limetoka barabarani, bado moto, injini imezimwa na swichi iko ON. Ncha moja ya mita niliipenyeza nyuma ya soketi ya sensa, kwenye waya wa umeme, bila kuichomoa soketi, nyingine kwenye ethi, nikaweka mita ihifadhi kipimo cha chini na cha juu. Kisha nikaanza kutikisa nyaya sehemu baada ya sehemu, kwa mkono mwepesi. Karibu na kibanio cha chuma, pale zinapokunjwa kuelekea chini, volti zilishuka kutoka 12 hadi sifuri na kurudi.

Tulipofungua utepe, ganda la plastiki lilionekana zima kwa nje. Ndani, nyuzi nyingi za shaba zilikuwa zimekatika kwa miaka ya kukunjwa kila injini ilipotikisika. Tulikata hadi kwenye shaba safi, tukaunga kipande kipya cha unene uleule kwa risasi, tukafunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na kuacha waya ulegee kidogo mbali na kibanio. Ukirudisha waya ule ule kwenye kona ile ile umeahirisha tu. Nilikagua pia soketi kama kuna oili, maana kwenye baadhi ya magari oili ya giaboksi hupanda ndani ya nyaya hadi kwenye kompyuta. Yangu ilikuwa kavu. Kisha nikafuta kodi na kurekodi tena kwenye barabara ile ya mashimo, gari likiwa moto. Mstari wa shafti ya kutokea haukukatika, na gia zimekuwa zikiingia vizuri tangu hapo.

Kasoro za kifaa zipo. Ukichagua vipimo vingi kwa pamoja, kasi ya kusoma inashuka sana, na hitilafu ya nusu sekunde inaweza kupita katikati ya vipimo viwili bila kuonekana. Vitano au pungufu ndiyo hesabu ninayoiamini. Skrini inafifia juani. Majina ya vipimo ni vifupisho ambavyo mtu mgeni atahangaika navyo, na mwongozo hausaidii kitu. Kuna kipengele cha kuamuru solenoidi moja moja ukisikiliza mlio wake. Ni kizuri, lakini solenoidi inayolia ikiwa baridi inaweza kugoma ikipata moto. Kwa solenoidi bado napendelea kupima omu zake baridi na moto na kulinganisha na kitabu cha gari husika, kwa sababu viwango vinatofautiana sana kati ya gari na gari.

Kabla ya kununua, hakikisha muuzaji anakuonyesha ikifungua kompyuta ya giaboksi ya gari la aina yako, si kuahidi kwa maneno. Kama giaboksi yako inateleza muda wote, oili inanuka kuungua na ina rangi nyeusi, skana hii haitakupa habari usizozijua tayari; tafuta fundi wa giaboksi. Na usiiache imechomekwa usiku kucha: pini namba 16 ya soketi ya OBD-II ina umeme wa betri hata swichi ikiwa imezimwa, na betri iliyoshuka huweza kuandika kodi zake zenyewe asubuhi, ukajikuta unatafuta hitilafu ambayo haipo.