TAHADHARI: Kijana anayeuza mashine ya kulainisha maji anazunguka Iyumbu na Nzuguni, Dodoma

Jamani majirani, nimekaa na jambo hili siku kumi na moja kwa aibu. Leo asubuhi nimesikia kabisha geti la mtu kule Nzuguni, nikasema potelea mbali, chekeni mnavyotaka, nikinyamaza nitakuwa mshirika wake.

Nimetapeliwa shilingi 1,450,000. Mimi. Huyu huyu mnayemwachia sanduku la kikoba kwa sababu "huyo haibiwi".

Habari za kisima chetu mnazijua, sabuni haitoi povu na kichwa cha bafu kinaziba, sirudii. Waliokuja siku ya kipaimara wanakumbuka bafu la wageni lilivyotuumbua. Nikiwa sijasahau ile fedheha ndipo huyu mtu akatokea, Jumatano saa nne asubuhi, mimi niko likizo, Baba Junior yuko Dar.

Nataka mjue alivyokuja ili msiseme nilikuwa mjinga tu. Alibisha, akarudi nyuma hatua tatu kutoka getini, akasubiri. "Shikamoo mama." Ovaroli nyeupe imepigwa pasi mpaka mstari unaonekana, kitambulisho chenye picha shingoni, msaidizi wake kabeba begi. Viatu wakavua barazani bila kuambiwa, soksi hazina tundu. Nikasema hawa wamelelewa.

Nikamletea maji ya kunywa, si ndivyo tulivyofundwa? Akaipokea glasi kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, halafu akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka kitu cha msiba. "Mama nisamehe, haya siwezi." Akatoa chupa yake begini. Yaani mgeni amekataa maji ya nyumba yangu na mimi ndiye nikaomba radhi!

Hapo akatoa kile kidude. Ni kama plagi kubwa, chini kimening'iniza vijiti vinne vya chuma. Akaomba glasi mbili. Moja nikajaza mwenyewe kwenye bomba la jikoni, kwa mkono wangu, nyingine akamimina ya chupa yake. Akaingiza vijiti, akachomeka kwenye soketi, akawasha. Dakika haikuisha. Glasi yangu ikaanza kutoa uzi wa kijani, ukageuka njano, ukageuka kahawia, kisha mapande kama utando wa mtaro yakapanda juu yakaelea. Harufu nikaisikia, au nilijisikilizisha. Glasi yake imetulia tu, unaona mpaka upande wa pili.

Akasema, "Mama, hiki ndicho wanachokunywa watoto." Akanyamaza. Angeendelea kuongea pengine ningeshtuka. Kule kunyamaza ndiko kulikonimaliza, maana nilibaki naitazama glasi na kumfikiria Junior na chupa yake ya shule.

Akatoa na kalamu ya kupimia maji, ikasoma 1,140. Yake ikasoma 36. Akanitajia kalsiamu, magnesiamu, akanieleza kwa nini sabuni haitoi povu, kwa nini jagi la umeme linaota ule ukoko mweupe, kwa nini kichwa cha bafu kinaziba. Na hayo yote ni KWELI, ndiyo yanayoniuma. Maji ya Dodoma ni magumu, yawe ya bomba kutoka visima vya Mzakwe yawe ya kisima cha nyumbani. Ameuza uongo wake ndani ya gunia la ukweli.

Nikampigia Baba Junior. Akasema subiri nije mwisho wa mwezi. Kijana akasema hakuna shida mama, ila bei ya 1,450,000 ni kwa sababu gari la mzigo liko mtaani leo, kesho linaenda Singida, baada ya hapo ni 2,100,000. Nikahesabu haraka haraka, mimi mhasibu, nikaona nimeokoa 650,000. Nimeokoa! Nikatuma kwa simu. Jina lililotokea ni la mwanamke. Nikauliza, akasema ni mhasibu wa ofisi. Nikaona fahari hata, mhasibu mwenzangu.

Mchana wakafunga. Tanki refu la bluu, kichwa cha plastiki juu, mabomba mapya. Kabla ya kutoboa ukuta akaomba tusali. Tukasali! Nimeshika mkono wa mwizi naitikia amina. Kisha nikaona msaidizi akimimina madumu mawili ya lita ishirini ndani ya tanki, nikauliza, wakasema ni dawa ya kusafishia mfumo. Wakafungua bomba la jikoni: kalamu ikasoma 41, sabuni ya kipande ikatoa povu mpaka kwenye viwiko. Nikapiga picha nikaweka stetasi. Mliiona, mkaniandikia hongera. Mama wa nyumba ya kona uliuliza namba yake nikakupa. Kwako nitakuja mwenyewe kuomba msamaha, hili si la kuandika.

Ijumaa asubuhi povu hakuna. Jumamosi sare za watoto zimekauka kama magunia, zimesimama zenyewe kwenye kamba. Nampigia, anasema mfumo unajizoesha siku kumi na nne. Jumapili haipokei. Jumatatu namba haipatikani, na kule wanakosema ni ofisi, karibu na stendi kuu, nimekuta saluni. Dada wa saluni akaniambia mimi ni wa tatu.

Fundi bomba wetu ndiye aliyefungua tanki. Mchanga wa mto, kokoto, na vipande vya mkaa. Mkaa, jamani, kama nataka kuchoma mahindi. Na yale madumu mawili yalikuwa maji safi ya kunywa ya kununua. Ndiyo yaliyotoka mwanzo bombani, yakapimwa, yakatoa povu, yakaisha.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tano, anasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia). Akachukua maji ya chupa, hayo hayo masafi, akatia chumvi kidogo ya jikoni, akazamisha misumari miwili iliyofungwa waya kwenye betri ya volti 9. Tukakaa tunaangalia. Baada ya dakika chache uchafu ule ule wa kahawia. Kumbe haukutoka kwenye maji, ni chuma cha vijiti kinaliwa na umeme na kuwa kutu. Maji yenye madini yanapitisha umeme, ya chupa yake karibu hayapitishi, ndiyo maana yalitulia. Akitokea mtu na vijiti vya kuchomeka kwenye glasi, jueni ni mwizi. Mwambieni kwanza atie chumvi kwenye glasi yake mwenyewe muone sura yake.

Na mashine ya kweli ya kulainisha maji ndani ina punje ndogo za rangi ya asali, zinanasa kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu. Zikichoka zinaoshwa kwa maji ya chumvi, kwa hiyo lazima kuwe na chombo cha chumvi pembeni na unanunua chumvi kila mara. Yangu "haihitaji chumvi, ni teknolojia mpya". Ile kalamu nayo haipimi ugumu, inapima kila kilichoyeyuka, na kwa kuwa mashine inabadilishana tu madini, namba haiwezi kutoka 1,140 kufika 41. Ikishuka hivyo hayo ni maji mengine. Na kama shida ya kisima chako ni maji kuwa ya chumvi, mashine hii hata iwe ya kweli haikusaidii.

Na dalili nyingine nilizipuuza. Kuna lile jina la mwanamke. Kuna risiti ya kuandika kwa mkono, kitabu cha kununua stesheneri. Mimi ninayewakumbusha watu kazini kila siku "ukinunua dai risiti" nikapokea kile kikaratasi nikakikunja vizuri nikakiweka kwenye Biblia. Yapo mengine ila nikiyaandika mkono unatetemeka.

RB ya polisi ninayo, nimeripoti. Mimi kwa hasira zangu natamani kwanza anyweshwe ndoo nzima ya lile tope lake, glasi kwa glasi, mbele ya mama yake mzazi, halafu ndiyo apelekwe Isanga. Gereza liko hapa hapa mjini, hata mafuta ya karandinga hayatakuwa mengi. Na huyo mhasibu wake wa kwenye simu aende naye, na msaidizi wa madumu, na aliyewapigia pasi zile ovaroli.

Ni mwembamba, mrefu wa wastani, ana sauti ya upole, anaita kila mtu mama hata msichana. Gari ni pikapu nyeupe, namba sikuchukua, msinitukane, nimeshajitukana.

Akibisha kwako usimfukuze. Mkaribishe, mpe kiti, mwambie mzee anakuja na pesa. Mpikie chai ya maji ya bomba, na unitumie ujumbe. Nakuja na bodaboda, na mgambo nimeshaongea nao.